Lubugo ya Mavyaa Ilipokwenda Dansa

Askari wa getini ndiye aliyeniona kwanza, na akanipa pole ya msiba.

"Kitalo, nnyabo," alisema, akavua kofia kabisa.

Hebu nikueleze nilivyokuwa. Kichwani nina taji la singa za katani, manjano tupu, limesimama kama ufagio uliogeuzwa. Mashavu meupe yenye doa jekundu. Kidevuni inaning'inia soksi nyekundu. Mikononi mabawa ya mashuka. Yote hayo askari hakuyaona. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye ile nguo ya rangi ya kutu iliyoshuka mgongoni mwangu mpaka kwenye visigino. Lubugo, nguo ya gome la mti. Kwa Muganda wa umri wake, ukiiona lubugo imetoka nje usiku basi kuna mtu anasindikizwa. Mume wangu akamwambia kwa Kiganda kwamba hakuna aliyekufa, tunakwenda dansa. Askari akarudisha kofia, akaniangalia upya kuanzia miguuni, nikaona kabisa kwamba anaitaka pole yake imrudie.

Shule anayosoma binti yetu hapa Kampala hufanya sherehe ya kuchangisha pesa kila Novemba. Mwaka juzi ilikuwa nyama choma, mwaka jana mbio za magunia. Safari hii kamati ya wazazi ikaja na dansa ya maleba, tiketi moja kwa familia nzima, pesa ziende kwenye vitabu vya maktaba. Hilo neno maleba ni langu. Mwalimu wetu wa fasihi kule Tanga alilipenda sana, nami nikalishika: mavazi ya mwigizaji jukwaani. Kwenye grupu la WhatsApp la wazazi tangazo liliandikwa "kostyumu", na baba mmoja akauliza, kwa dhati, saa tano usiku, kama bwawa la shule litakuwa limejazwa maji.

Sharti lilikuwa moja tu. Hakuna kukodi, hakuna kununua kilicho tayari. Uvae ulichotengeneza kwa mikono yako au ya mtu wa nyumbani kwako, na mbele ya majaji ueleze ulivyokitengeneza.

Mimi si fundi. Kazi yangu ni hesabu za malori kwenye ofisi ya kutoa mizigo. Lakini nimelelewa Ngamiani na shangazi aliyekuwa na Singer ya kukanyaga barazani, na kabla sijajua kuandika jina langu nilishajua kujaza bobini. Kwa hiyo nilipoliona lile tangazo, mikono iliwasha. Mume wangu alisoma, akasema "vizuri," akageuza ukurasa wa gazeti. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Nilichagua korongo taji. Huu ni mwaka wangu wa 14 Uganda na ndege huyu nakutana naye kila mahali: kwenye bendera amesimama mguu mmoja juu, kwenye ngao ya taifa, kwenye jina la timu ya taifa ya mpira. Lakini nilimwona wa kweli siku moja tu, tukiwa njiani kwenda Masaka, wawili kwenye majani kando ya bwawa. Dereva alikuwa amesimama kubadilisha tairi. Wale ndege wakaanza kuinamiana, mmoja akaruka, akafungua mabawa, mwenzake akamjibu. Walikuwa wanacheza, si kwamba nawasifia. Korongo taji wana tabia hiyo. Nikasema kama ni dansa, basi naenda na mchezaji mwenyewe.

Ukimtazama korongo taji kwa makini, yeye si kijivu tu. Bawa lake lina nyeupe nyingi, na kwa nyuma, anapolikunja, kuna manyoya ya rangi ya kutu. Rangi hiyo niliijua. Nilishaiona kwa wakwe.

Mavyaa wangu anaishi ndani kidogo ya Masaka, kama kilomita 130 kutoka Kampala na nyingine kadhaa za vumbi. Kwa kuzaliwa yeye ni wa ukoo wa Ngonge, yaani fisimaji, na huo ndio ukoo wa wagonga lubugo tangu enzi. Watoto wa kaka yake bado wanagonga. Nimewahi kuwaona kazini, na ilikuwa pale ndipo nilipoelewa kwa nini mama yule hataki mchezo na nguo hiyo.

Mti unaitwa mutuba, wa jamii ya mikuyu. Wanangoja mvua, kwa sababu kiangazi gome halibanduki. Kwanza wanakwangua ganda la juu. Wanakata duara juu na duara chini, wanachana wima, halafu wanalibandua gome la ndani polepole kwa kipande cha mgomba kilichochongwa, na linatoka zima, kama unavyomvua soksi mtoto aliyelala. Shina linabaki uchi, linang'aa. Hapo hapo wanalifunga kwa majani ya mgomba kama kidonda, na gome linaota tena. Mti uleule utavunwa mwaka mwingine, na mwingine. Gome likishalainishwa kwa moto, linapelekwa bandani juu ya gogo na kugongwa kwa nyundo za mti zenye mifereji. Nyundo ya kwanza mifereji yake mipana, ya pili myembamba, ya tatu myembamba zaidi. Ko, ko, ko, ko, saa nzima, wagongaji wawili wakipokezana bila kupishana hata nukta. Kitu kilichoanza na upana wa mkeka wa kuswalia kinaishia upana wa kitanda. Kinaanikwa juani kimewekewa mawe pembeni. Kinaingia juani rangi ya maziwa ya chai, kinatoka chekundu cha kutu.

Nilikwenda kumwamkia mavyaa mwanzoni mwa Oktoba. Nilipiga magoti kama inavyopasa, tukasalimiana ile salamu ndefu ya Kiganda ambayo hata baada ya miaka 14 huwa naimaliza nikiwa nimeishiwa pumzi, kisha nikauliza ni kwa nani naweza kununua lubugo nzuri.

"Nani amekufa?" akauliza.

Nikaeleza. Dansa, shule, ndege. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamenya ndizi tatu bila kusema neno. Kisha akasema lubugo si kitambaa cha ngoma. Mtu akifa anavingirishwa ndani yake, watu wa nyumba nyingine wanaleta ya kwao kumpa heshima, anashuka nazo. Huwezi kutia jasho la rumba kwenye nguo ya namna hiyo.

Mume wangu, ambaye huwa hajui wakati wa kunyamaza, akaingilia. Akasema lakini mama, Kabaka mwenyewe, mfalme wa Buganda, alipotawazwa pale Naggalabi mwaka 1993 alivikwa lubugo, na hakuwa maiti. Akaongeza kwamba UNESCO mwaka 2005 iliitangaza kazi ya kugonga lubugo kuwa urithi wa dunia nzima.

"Hao UNESCO," mavyaa akauliza, "ni wa ukoo gani?"

Tukarudi Kampala mikono mitupu.

Nilianza kufikiria kutumia khaki. Kisha, baada ya siku kama kumi na mbili, simu ikalia asubuhi nikiwa foleni ya benki. Alikuwa yeye. Hakusalimu kwa urefu, na hilo peke yake lilinitisha. Alisema ana lubugo yake mwenyewe sandukuni, ile aliyojiwekea. Hujanielewa, akasema, ile ya kwangu, ya siku yangu. Imekaa mule miaka kumi na moja haijaona jua, na wadudu wanapenda kitu kisichotikiswa. "Njoo uichukue. Acha itembee kidogo. Kulala italala sana."

Nilishindwa hata kujibu. Akaendelea: "Ila mkasi usiiguse."

Nikakaa na hilo sharti siku tatu. Kipande cha karibu mita tatu kwa mbili, kizito, nisikate hata ncha, na nisitoboe hovyo, maana siku moja itamfunika mama wa mume wangu. Wewe ungekishona vipi?

Nilikipeleka Katwe kwa fundi wangu, Mkongomani wa Bukavu, mtu ambaye amenishonea vitenge vya harusi zote za ofisini. Alikipapasa, akakinusa, akakigeuza.

"Mama, hii njo nguo ama njo muti?"

Nikamwambia ni vyote viwili. Akakunja pembe moja akaiweka chini ya sindano ya cherehani, hakushona, akanionyesha tu kwa kidole. Nguo ya kufumwa, akanieleza, ina nyuzi. Sindano ikipita, nyuzi zinajisogeza, zinarudi. Hii haina nyuzi. Kila tundu litabaki tundu, na ukipiga matundu mengi kwenye mstari mmoja umetengeneza stempu, itachanika hapo hapo. Ushauri wake ulikuwa bora kuliko cherehani yake: usiishone, itundike.

Basi nikashona kizibao cha amerikani, kile kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa, kinibane kifuani na mabegani. Kizibao ndicho kilichobeba kazi yote. Lubugo niliikunja marinda makubwa saba kwa mkono, na kila rinda nikalishikiza kwenye kizibao kwa bandi ndefu za uzi mnene, mbili tu kila mahali, sindano ikipita mle ambamo gome lilikuwa tayari na kitundu chake cha asili. Kwa sababu lubugo nyingi huwa na matundu, mahali palipokuwa na tawi, na wagongaji huyashona kwa nyuzi za mti. Nilikuwa napita njia iliyokwisha kupitwa. Kazi hiyo ilinichukua Jumapili mbili. Nilikuwa nafanyia chini, sakafuni, kwa sababu meza haikutosha, na binti yangu akikatiza na kikombe cha chai namfukuza mpaka jikoni.

Mengine yalikuwa rahisi. Mashuka meupe ya mitumba kutoka Owino, nikayakata vipande virefu vyenye ncha, nikavipanga kwenye mikanda ya kuvaa mikononi. Shingo ya kijivu ni mkono wa sweta la shule lililomchoka binti yangu. Mashavu ni boksi la viatu.

Taji ndilo lililonipa wazimu. Taji la korongo ni manyoya membamba, makavu, ya rangi ya dhahabu, yamesimama kila moja peke yake. Nilijaribu nyuzi za ufagio, nikajaribu majani ya mkeka, yote yakaonekana kama kiota. Ndipo nikajicheka. Mimi ni mtoto wa Tanga, natafuta nini? Shuleni tulikaririshwa kwamba mkonge uliletwa na Mjerumani mwaka 1893 na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, na kutokana na hiyo 62 yakaota mashamba yote tuliyoyaona madirishani tukiwa kwenye basi. Nikampigia kaka. Akanifungia kilo nzima ya singa safi zilizochanwa, akazipakia kwenye basi kupitia Nairobi. Zilifika siku ya tatu ndani ya mfuko wa sukari, na kondakta akanikabidhi kwa heshima nyingi akidhani ni nywele za mtu.

Nikazichemsha kwa manjano ya unga, yale ya kupikia, vijiko saba kwenye sufuria kubwa, dakika arobaini. Rangi ilitoka ya kulevya. Nikazichovya kwenye uji mwepesi wa wanga wa muhogo, nikazining'iniza kwenye kamba ya nguo zikauke zikiwa zimenyooka, na asubuhi zilikuwa ngumu kama waya. Sufuria ile mpaka leo ikipika wali mweupe wageni wanauliza kama nimetia viungo.

Binti yetu alikuwa Nalubaale, Ziwa Viktoria lenyewe kwa Kiganda: sketi ya chandarua cha zamani cha buluu kilichochanika, na samaki wa pakiti za maziwa wakiogelea pindoni. Alijitengenezea karibu yote mwenyewe na hakutaka ushauri.

Na baba yake? Jumamosi ya dansa, saa kumi jioni, mimi nimeshaanza kupakwa rangi usoni, bado hana kitu. Akaingia chumbani. Akatoka na kanzu yake nyeupe, koti jeusi, masharubu ya mkaa, kipande cha chaki sikioni na futi yangu ya kupimia shingoni.

"Mimi ni Gomes," akasema.

Kwa asiyejua: gomesi, lile vazi la wanawake wa Buganda lenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana nyongani, linabeba jina la fundi wa Kigoa. Inavyosimuliwa, shule ya wasichana ya Gayaza ilipoanza mwaka 1905, wamisheni walitaka wanafunzi wapate vazi la pamba litakalokaa mwilini, maana nguo ya kujifunga, ambayo zamani ilikuwa lubugo, ilikuwa inawaanguka wakilima. Gomes akaitwa. Sare ya shule ikageuka vazi la harusi, la misa na la bungeni. Na ndani yake, wasomaji wangu wa pwani, ili kitambaa kisigandie mwilini, mama wa Kiganda hufunga kikooyi. Kikoi chetu. Hakionekani, ila ndicho kinachoipa gomesi umbo lake.

Nikamwambia mume wangu kwamba Gomes hakuvaa kanzu. Akasema mimi pia sina mdomo wa ndege.

Bodaboda isingewezekana kwa yale mabawa, tukakodi gari. Nilikaa kiti cha nyuma nimepiga magoti, nimetazama nyuma, kwa sababu taji halikuruhusu kuegemea na lubugo sikutaka kuikalia. Foleni ya Kibuye nzima ilinitazama usoni. Mtoto mmoja kwenye teksi alinipungia, nami nikampungia bawa.

Uwanjani palikuwa na mahema, taa za rangi, na vichekesho vya kila namna. Baba mmoja alikuwa teksi ya abiria ya maboksi, nyeupe yenye mstari wa miraba ya buluu, na wanawe watatu wakining'inia mlangoni wakiita abiria wa Ntinda. Mwalimu mmoja alikuwa rolex, ile chapati ya Kampala inayovingirishwa na mayai, amejivingirisha godoro jembamba kama chapati na ndani foronya za njano kama mayai. Mama wa Kinyarwanda alikuwa kapu, na nilimwonea wivu kwa ufumaji. Tulipiga picha mpaka nikachoka kusimama mguu mmoja. Kila mtu alitaka mguu mmoja, kama wa bendera. Wazee wawili wa Kiganda walikuja, wakaigusa lubugo pembeni kwa vidole viwili, wakauliza imetoka kwa nani. Nikawaambia ukweli wote. Mmoja akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Mwingine akasema mama huyo nampenda.

Kisha DJ akaweka rumba ya Kongo, nikafungua mabawa, na kwa nusu saa ya maisha yangu nilikuwa ndege. Lubugo ikitembea haichezi kama kitenge. Inachelewa. Wewe unageuka, yenyewe inafikiri kwanza, halafu inakuja na uzito wake wote na kukupiga kisigino, na sauti yake ni kama mtu anayefungua bahasha kubwa. Watu walitupisha.

Mvua ilianza saa mbili kasoro. Mvua ya Novemba unaijua, haibishi hodi. Tulikimbilia chini ya hema, nikasimama katikati, mahali nilipodhani ni salama, na hapo ndipo mahema mawili yalipounganishwa. Maji yalijikusanya juu, turubai likajaa tumbo, halafu mshono ukaachia. Yote yalinishukia kichwani.

Wanga wa muhogo ukiloa unarudi kuwa uji. Taji langu liliinama, likalala, likanigandia kwenye paji na shingoni. Mabawa yakanywea. Soksi ya kidevuni ikajaa maji ikavimba.

"Kaloli!" akapiga kelele mtoto mdogo kwa furaha. "Mama, ona kaloli!"

Kaloli ni wale korongo wakubwa wa majalala ya Kampala, wenye kipara na mfuko wa shingo, wanaosimama juu ya taka kama wanasheria. Hema zima likaangua kicheko. Ningecheka pia, lakini nilikuwa nimeona kitu kingine. Manjano yalikuwa yanashuka. Kutoka kwenye singa, kwenye shingo, kwenye bega la kushoto, mistari ya njano ikiteremka taratibu kwenye lubugo ya mama mkwe wangu. Nilianza kuifuta kwa bawa na nikazidi kuipaka. Mume wangu akanishika mkono akasema acha, gome lililoloa ukilisugua linachanika. Alikuwa sahihi, na nilimchukia kwa hilo.

Hatukuwa hata tumekauka tulipoitwa mbele ya majaji. Walikuwa watatu. Mmoja akauliza kwa upole kama mimi ni kaloli. Nikafungua mdomo kueleza habari za mkonge, mutuba, amerikani, marinda saba, wiki tano za kazi, na sauti ikakataa kutoka. Nilikuwa karibu kulia. Gomes akasogea, akanipima bega kwa futi, akaandika namba hewani.

"Waheshimiwa," akasema, "mwaka 1905 niliwapa wanawake wa nchi hii pamba ili waachane na gome. Huyu mmoja akagoma. Mtazameni mvua ilivyomfanya."

Walicheka mpaka jaji wa kati akavua miwani. Zawadi ya kwanza, pasi ya umeme, ilikwenda kwa "Fundi na Mteja Wake". Mtu aliyefanya kazi dakika nne, mbili kati ya hizo akitafuta chaki. Pasi ipo nyumbani, anaitumia yeye, mimi sijaigusa.

Ile lubugo niliianika kivulini siku mbili, bila kukamua, bila pasi. Nikafumua bandi moja moja. Haikuchanika popote. Ila begani palibaki ramani ya njano kama kiganja cha mtu mzima, na vidole vyake vitatu vikishuka. Nilimpigia rafiki anayeuza vitambaa Kiyembe, akasema manjano yakishaingia hayatoki, labda jua liyafifishe. Jua sikutaka, nisije nikaharibu zaidi.

Jumamosi iliyofuata tukaenda Masaka. Tukasimama Lukaya kununua kuku wa mshikaki na gonja, njia nzima sikula. Nilipiga magoti, tukamaliza salamu, nikamwekea kifurushi mbele yake na nikakifungua mwenyewe, lile doa juu, ili lisije likaonekana kama nimelificha.

Mavyaa alilitazama. Alivuta nguo karibu na macho, kisha karibu na pua. Akanusa mara mbili.

"Inanukia pilau," akasema.

Nikaanza kuomba radhi kwa Kiganda changu cha sokoni, nikachanganya na Kiswahili, nikasema nitamnunulia nyingine. Akaniwekea mkono kwenye goti ninyamaze. Alikuwa anatikisika mabega, na ilinichukua muda kujua kwamba anacheka.

"Huko niendako," akasema, "hawataniuliza ukoo. Watauliza nani kapika."

Akaikunja mwenyewe, mara mbili, mara nne, doa likiwa kwa ndani, akampa mjukuu wake airudishe sandukuni. Akauliza watu walikuwa wangapi, na kama nilicheza vizuri, na kama nguo ilinielemea. Kisha akaugeukia ule mfuko wa Lukaya akaugusa kwa nyuma ya kiganja kuona kama kuku bado ana moto.